Tulihesabu Miguu, Hatukuhesabu Damu

Hotuba kwa wahudumu wa afya, walimu na viongozi wa vijiji kuhusu maambukizi ya matende na mabusha

Waheshimiwa viongozi, walimu, wahudumu wenzangu wa afya, mama zangu na baba zangu mliotoka mbali, asanteni kwa kuja. Nimepewa saa moja. Nitajitahidi nisiimalize, maana najua wengine wenu mmeamka jua halijachomoza.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado kijana kazini, nilitumwa kijiji kimoja nikaangalie tatizo la matende lina ukubwa gani. Nilifanya ambalo mtu yeyote mwenye daftari na kalamu angelifanya. Nilimwomba mwenyekiti awaite watu mchana, nikaketi kivulini, nikahesabu. Miguu iliyovimba haikuzidi vidole vya mikono yangu. Wanaume waliokiri kuwa na busha walikuwa wawili, na mmoja wao alikiri kwa sababu mkewe alimsukuma mgongoni. Nikaandika kwenye ripoti kwamba ugonjwa upo, lakini ni wa kiwango cha chini. Nikapanda baiskeli, nikaenda zangu.

Miaka michache baadaye timu nyingine ilikwenda kijiji kile kile, ila wao walikwenda usiku. Waligonga milango watu wakiwa wamelala, wakachoma vidole, wakapaka damu kwenye vioo vya hadubini. Asubuhi nilikuwa miongoni mwa waliokaa kusoma vioo vile. Kioo baada ya kioo, niliona vitoto vya minyoo vimejikunja kama nyuzi zilizokatwa. Nilipotazama majina, nikakuta vijana wenye miguu mizuri kabisa, wacheza mpira, akina mama wenye watoto mgongoni. Karibu wote walipita mbele yangu siku ile ya kivulini, nami nikawaandika wazima.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ndugu zangu. Sikuruka mtu. Tatizo ni kwamba nilihesabu kitu kingine.

Sasa tumjue huyu mnyoo, maana bila kumjua hatutaelewa kwa nini ni mgumu kuhesabika. Kati ya kila watu 10 duniani wenye ugonjwa huu, tisa wana mnyoo aitwaye Wuchereria bancrofti. Waliobaki, ambao wako Asia, wana nduguze wawili, Brugia malayi na Brugia timori. Jina hilo refu limetokana na madaktari wawili. Otto Wucherer aliona vitoto vya mnyoo kwenye mkojo wa mgonjwa huko Bahia, Brazil, mwaka 1866. Miaka 10 baadaye, Joseph Bancroft akampata mnyoo mzima huko Brisbane, Australia. Wakagawana jina la mnyoo mmoja, heshima ambayo mimi ningeomba nisamehewe.

Mnyoo mzima anaishi ndani ya mishipa ya limfu. Mishipa hii ni kama mifereji midogo inayokusanya maji yaliyovuja kwenye nyama za mwili na kuyarudisha kwenye damu. Njiani maji hayo hupita kwenye tezi, zile ambazo zikivimba kinenani tunasema mtu ana mtoki. Jike ana urefu wa sentimita nane hadi 10 na wembamba wa uzi wa kushonea. Anaishi miaka sita hadi minane, na katika muda huo huzaa vitoto kwa mamilioni. Vitoto hivyo, ambavyo wataalamu huviita maikrofilaria, huingia kwenye damu na kusubiri mbu.

Kusubiri kwao kuna ratiba. Mchana hujificha kwenye mishipa ya ndani, hasa ya mapafu. Usiku, kuanzia saa nne hadi saa nane hivi, hutoka na kujaa kwenye damu ya ngozini. Ndizo saa ambazo mbu wa usiku wanauma. Hakuna aliyewafundisha, ni uhusiano wa kale mno kati ya mnyoo na mbu. Kwenye baadhi ya visiwa vya Pasifiki, ambako mbu anayewabeba huuma mchana, vitoto hivyo vinaonekana kwenye damu hata jua likiwa utosini.

Aliyegundua kwamba mbu ndiye gari la mnyoo huyu ni Patrick Manson, daktari wa Scotland aliyekuwa akifanya kazi Amoy, China. Mwaka 1877 aliwaacha mbu wamuume mtunza bustani wake aliyekuwa na maambukizi, kisha akawapasua mbu wale na kuona vitoto vinakua ndani yao. Ilikuwa mara ya kwanza mdudu kuonyeshwa akibeba kimelea cha binadamu, miaka 20 kabla ya Ronald Ross kumkamata mbu wa malaria. Hata hivyo Manson alikosea jambo moja: alidhani mbu akishafia majini, mtu huambukizwa kwa kunywa maji yale. Ilichukua zaidi ya miaka 20 hadi George Carmichael Low, mwaka 1900, alipoonyesha minyoo ikiwa kwenye mdomo wa mbu, tayari kutoka. Nawasimulia haya makusudi. Hata bingwa wa jambo hili alihesabu kitu kingine kwa miaka mingi, kwa hiyo mimi na baiskeli yangu tunapata faraja kidogo.

Turudi kijijini. Vitoto vikishanyonywa na mbu hukaa ndani yake siku 10 hadi 14 vikikua. Baadaye, mbu akimuuma mtu mwingine, minyoo hiyo michanga huangukia juu ya ngozi na kutafuta tundu la mdomo wa mbu ili iingie. Mbu haidungi ndani kama sindano. Nyingi hukauka au kufutwa na mkono. Zinazofanikiwa kuingia huhitaji miezi sita hadi 12 kufikia ukubwa wa kuzaa, na ili zizae lazima dume na jike wakutane ndani ya mwili wa mtu yule yule. Nanyi mnaona basi jinsi njia hii ilivyo ya bahati nasibu. Malaria unaweza kuipata kwa kuumwa mara moja. Kwa ugonjwa huu, kwa kawaida mtu huumwa mamia na maelfu ya mara na mbu wenye minyoo kabla minyoo haijakomaa mwilini mwake.

Hapo ndipo lipo jibu la swali ninaloulizwa kila mara: kwa nini vijijini? Mgeni anayelala kijijini wiki mbili ni nadra sana kuondoka na mnyoo huyu. Huu ni ugonjwa wa wenyeji. Unampata mtu aliyezaliwa pale, aliyelala pale utoto wake wote katika nyumba yenye uwazi kati ya ukuta na paa, asiye na chandarua au mwenye chandarua kimoja kwa watoto wanne, anayekaa nje usiku kwa sababu ndani kuna joto. Kiwango cha maambukizi ya kijiji kinakuonyesha ni usiku mangapi watu wale wamelala bila kinga. Ningependa tuache kusema kwamba watu wa vijijini hawajui usafi. Mbu wanaobeba mnyoo huyu katika maeneo mengi ya vijijini ya Afrika ni Anofelesi, wale wale wa malaria, nao hupenda maji safi ya mvua, ya mashamba na ya vijito. Anayezaliana kwenye maji machafu ni Kuleksi, naye amezoea zaidi miji na vyoo vya shimo vilivyojaa maji. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe ndogo za povu la polistireni kwenye vyoo vya namna hiyo. Zikaelea na kutanda juu ya maji, viluwiluwi vikakosa hewa, Kuleksi wakapungua sana. Pamoja na dawa walizogawiwa wananchi, maambukizi yakashuka na yakaendelea kuwa chini kwa miaka. Huwa napenda kuutaja mfano huo kwa sababu ni kijiji, si maabara.

Haya, tunahesabuje?

Hapa naomba mnivumilie, kwani ndipo mahali panapochanganya hata wakubwa zetu. Mwili wa mtu mwenye ugonjwa huu unaweza kusema mambo matatu tofauti, kwamba una minyoo wazima, kwamba una vitoto kwenye damu, na kwamba umevimba, na mara nyingi hausemi yote kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kuwa na minyoo kumi hai na vitoto kwenye damu, na asiwe na uvimbe wowote. Walio wengi wako hivyo. Mwingine ana mguu mkubwa kama gogo, ukichukua damu yake saa sita za usiku hukuti kitoto hata kimoja, kwa sababu minyoo iliyoharibu mifereji yake ilikufa siku nyingi. Mguu ule ni kama kuta za nyumba iliyoungua: unakuonyesha palikuwa na moto, haukuambii kama bado unawaka.

Kwa hiyo anayehesabu miguu anahesabu miaka 20 au 30 iliyopita. Nimekutana na viongozi wanaosema, «Kwetu matende yapo, tunaona wazee wawili watatu,» na wengine wanaosema, «Kwetu hakuna, hatuoni mtu.» Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Huyo wa kwanza huenda hana maambukizi mapya hata moja kijijini kwake. Huyo wa pili huenda vijana wake wanawalisha mbu kila usiku.

Isitoshe, si kila mguu uliovimba ni wa mnyoo. Kuna ugonjwa uitwao podokoniosisi, unaotokana na kutembea peku kwa miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa asili ya volkano, hasa kwenye nyanda za juu. Chembe za udongo hupenya ngozi na kuharibu mifereji ile ile ya limfu. Ernest Price, daktari wa Uingereza aliyefanya kazi Ethiopia, ndiye aliyeutenganisha na matende ya mnyoo na kuupa jina. Ukienda sehemu ya baridi yenye milima, ambako mbu ni wachache, ukakuta miguu yote miwili imevimba kuanzia vidoleni, usikimbilie kugawa dawa za minyoo. Gawa viatu.

Damu ya usiku ndiyo iliyokuwa kipimo kikuu kwa zaidi ya miaka 100. Ni kazi ngumu, niwaambie ukweli. Fikirini mgeni anagonga mlango wako saa tano usiku anataka damu. Tumefukuzwa na mbwa. Tumeshukiwa kuwa wanyonya damu, na siwalaumu waliotushuku, maana tulifika kwa taa na sindano na hatukuwa tumeeleza vya kutosha. Siku hizi kuna kipimo cha haraka cha ukanda. Tone la damu ya kidole, saa yoyote, jibu katika dakika 10. Hakitafuti vitoto, kinatafuta kitu kiitwacho antijeni, ambacho ni kama harufu anayoiacha mnyoo mzima kwenye damu akiwa hai. Kimeturahisishia mambo mno. Lakini nacho kina mipaka yake: kinamtambua Wuchereria peke yake, na katika misitu ya Afrika ya Kati ambako kuna mnyoo wa Loa loa kinaweza kusema «ndiyo» mahali ambapo jibu lilikuwa «hapana».

Mnyoo huyo Loa loa ni hatari kwa namna nyingine pia. Mtu mwenye wingi wa vitoto vya Loa loa kwenye damu akipewa dawa ya ivermektini anaweza kupoteza fahamu, hata kufa. Ndiyo maana katika maeneo hayo hutumika dawa nyingine, albendazoli, peke yake, mara mbili kwa mwaka, pamoja na vyandarua. Nalitaja kwa sababu huwa nasikia watu wakisema dawa ni dawa, igawiwe popote. Hapana. Lazima kwanza ujue nani anaishi kwenye damu ya watu wako.

Sasa namba. Shirika la Afya Duniani linasema eneo likipimwa na kukutwa na maambukizi ya mtu mmoja au zaidi kwa kila 100, eneo zima lipewe dawa. Mmoja kwa mia! Nilipoisikia mara ya kwanza niliona ni kichekesho. Kwa magonjwa mengine tungeshangilia. Lakini kumbukeni kuwa mnyoo huyu anaishi hadi miaka minane na mtu huyo mmoja hajui kama anaye. Hatakwenda zahanati. Atalala nje na wenzake msimu wote wa mvua, mwaka huu na mwaka kesho.

Kuna jambo jingine la namba linaloniudhi, nalo ni wastani. Ugonjwa huu hukaa kwa mafungu. Kijiji kimoja kimejaa, kijiji cha pili, ng'ambo ya kijito, hakina kitu. Hata ndani ya kijiji utakuta nyumba nne tano za jirani ndizo zenye karibu wagonjwa wote. Chukulia una vijiji 10, tisa havina maambukizi na cha kumi kina watu 10 kwa kila 100. Wastani wa wilaya ni mmoja kwa mia, na afisa aliyeko ofisini anafurahi kuwa amekaribia mwisho. Kwa watu wa kile kijiji cha kumi, huo wastani hauna maana yoyote. Ndiyo maana nawaomba ninyi mnaokaa vijijini msiiachie karatasi iwaambie hali yenu. Mnajua nyumba zipi watu huugua homa na mitoki mara kwa mara. Semeni, timu ianzie huko.

Watoto ndio kipimo cha mwisho. Baada ya miaka ya kugawa dawa, tunapotaka kujua kama maambukizi yamekoma, tunawapima watoto wa miaka sita na saba, mara nyingi shuleni. Walimu, hapa ndipo mnapoingia. Mzee wa miaka 60 akiwa na antijeni, huenda ni mnyoo wake wa zamani. Mtoto wa miaka sita hana zamani. Kama anaye, amempata wakati sisi tukigawa dawa na kujisifu. Pale mbu wanaoeneza ni Anofelesi au Kuleksi, watoto wenye maambukizi wakiwa chini ya wawili kwa 100 ugawaji unaweza kusimama, kisha upimaji unarudiwa mara mbili zaidi katika miaka minne hadi sita inayofuata.

Nimetaja dawa. Neno letu kingatiba nalipenda, maana limeunganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayatenganisha. Kidonge kile kwa aliye na mnyoo ni tiba ya damu yake. Kwa jirani yake ni kinga. Dawa huua au kuondoa vitoto kwenye damu. Minyoo wazima wengi hawafi mara moja, hivyo wanaendelea kuzaa baadaye. Ndiyo sababu ya kumeza kila mwaka: tunaisafisha damu mwaka hadi mwaka mpaka minyoo wazeeke na kufa bila kuacha mrithi. Katika sehemu kubwa ya Afrika hutolewa ivermektini na albendazoli. Kwingineko ni dawa ya DEC na albendazoli. Tangu mwaka 2017 maeneo yanayofaa yanaweza kutumia zote tatu kwa pamoja, na hapo safari inakuwa fupi zaidi. DEC haitolewi mahali penye ugonjwa wa upofu wa mto, yaani usubi, kwa sababu inaweza kudhuru macho ya wenye ugonjwa huo. Makampuni yanayotengeneza dawa hizi, Merck kwa ivermektini, GSK kwa albendazoli na Eisai kwa DEC, yamekuwa yakizitoa bure kwa mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu. Kwa hiyo mtu akikuuzia, kuna mwizi katikati.

Kanuni inasema angalau watu 65 kati ya kila 100 wa eneo zima wameze, kwa angalau miaka mitano. Wasiopewa ni watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa mahututi. Ukisikia 65 unaona kuna nafasi ya kutosha. Watu 35 wanaruhusiwa kukosa. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo hasa lililonileta mbele yenu.

Wale 35 ni akina nani? Kama mwaka huu amekosa Juma na mwaka kesho amekosa Asha, hakuna neno kubwa, wote watafikiwa mwaka mmoja au mwingine. Lakini nimepitia madaftari ya ugawaji ya miaka mitano mfululizo, ukurasa kwa ukurasa, na si hivyo ilivyokuwa. Waliokosa mwaka wa kwanza ndio waliokosa wa pili, wa tatu, wa nne. Majina yale yale. Daftari lilionyesha asilimia 70 kila mwaka, sisi tukapongezana. Kumbe tulikuwa tukiwapa dawa watu wale wale 70 mara tano, na wale 30 wengine hatujawagusa hata mara moja. Mnyoo hakuhitaji zaidi ya hao.

Wengi wao ni wanaume, vijana na wa makamo. Wanaoondoka alfajiri na kurudi usiku, wavuvi, wachunga mifugo, wanaofuata vibarua vya msimu. Mgawaji anafika saa nne asubuhi, anamkuta mama, anamwachia kidonge cha baba juu ya meza na kuandika «amemeza». Nasema hivi bila kumlaumu mgawaji, kwani mara nyingi anajitolea na naye ana shamba lake. Wengine ni waliomeza mara moja, wakapata homa, kichwa na kuwashwa, wakaapa hawatarudia. Na hapa tuna deni. Tulipaswa kuwaambia mapema kwamba maudhi hayo mara nyingi hutokea kwa sababu vitoto vingi vinakufa damuni kwa mpigo, na kwamba hupita baada ya siku chache. Tusipomwambia sisi, atamwambia jirani kwamba kidonge kina sumu. Wapo pia wanaoamini kwamba dawa inaua uzazi. Uvumi huo nimeukuta kila nilipokwenda. Nimeona ukizimwa na jambo moja tu, mgawaji kumeza chake mbele ya watu pamoja na mkewe na wanawe wakubwa.

Nihamie kwenye busha, nalo nalisema wazi kwa sababu tukiona haya hapa ndani, nani atalisema huko nje? Duniani, wanaume wapatao milioni 25 wana mabusha yanayotokana na ugonjwa huu. Wenye uvimbe wa miguu na mikono ni zaidi ya milioni 15. Busha ndilo tokeo lililoenea kuliko matende, lakini katika daftari langu la siku ile matende yalizidi mabusha, nayo mabusha yalikuwa mawili tu. Mguu hauvaliwi suruali pana ukapotea. Busha linapotea.

Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeifikiria sana methali hiyo, na naona haiwatoshi wagonjwa hawa. Busha haliui. Mwenye nalo hapati hata hiyo siku ya kuumbuka. Analibeba miaka 40, anaacha kucheza ngoma, anaacha kuogelea, anaahirisha kuoa, anakaa msibani pembeni. Niliwahi kuongea na baba mmoja aliyekuwa na busha tangu ujana wake. Alikuwa anaamini ni urithi, kwa kuwa babu yake alikuwa nalo. Nikamwambia upasuaji wake ni mdogo na watu wengi hurudi nyumbani haraka. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, «Kwa hiyo ningeweza kutolewa mwaka ule ule?» Sikuwa na jibu la kumpa.

Kuhusu miguu, ninachosema ni kifupi kwa sababu kazi yenyewe ni rahisi. Kinachoukuza mguu, baada ya mnyoo kuharibu mifereji, ni bakteria wanaoingia kwenye mipasuko ya ngozi na katikati ya vidole. Kila wakiingia mgonjwa anapata homa kali, mguu unawaka moto, na kila homa inauacha mguu mkubwa zaidi ya ulivyokuwa. Maji safi na sabuni kila siku, kukausha vizuri kati ya vidole, dawa kwenye vidonda, kuuinua mguu anapoketi na kulala, kuuchezesha, viatu visivyobana. Anayefanya hivyo homa zake hupungua sana. Na naomba nchi zetu zikumbuke: Shirika la Afya Duniani halithibitishi kwamba nchi imeutokomeza ugonjwa kwa sababu damu za watoto ni safi peke yake. Linauliza pia wagonjwa wako wangapi, wako wapi, na wanahudumiwa wapi.

Inawezekana. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia mwaka 1997 kuutokomeza ugonjwa huu, na mpango wa dunia ukaanza mwaka 2000. China, iliyokuwa na mamilioni ya wagonjwa, iliwahi kutia DEC kwenye chumvi ya kula na ikathibitishwa mwaka 2007. Togo ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara, mwaka 2017, mwaka ule ule na Misri. Malawi ikafuata mwaka 2020. Visiwa vya Solomon viliona maambukizi yakianguka kwa sababu ya kupulizia nyumba dawa ya mbu wa malaria, hata bila kampeni ya matende. Mwaka 2018 walioambukizwa duniani walikadiriwa kuwa milioni 51, pungufu kwa asilimia 74 kutoka mwaka 2000. Hata hivyo, kufikia mwaka 2023 watu zaidi ya milioni 657 katika nchi 39 walikuwa bado wanaishi mahali panapohitaji kingatiba.

Mezani pale mlangoni kuna madaftari mapya ya ugawaji. Mtakaoyachukua, fungueni ukurasa wa kwanza. Baada ya jina, umri na urefu, nimewaomba wachapaji waongeze safu moja ambayo haikuwamo: «Amewahi kumeza? Mwaka gani?» Safu hiyo isijazwe na mke kwa niaba ya mume, wala mama kwa niaba ya kijana wake mkubwa. Mtafuteni mwenyewe, hata kama ni usiku. Na yule atakayejibu «sijawahi» msimwandike tu mkapita. Kaeni naye, mwulizeni kwa nini, na jibu lake liandikeni kwa maneno yake mwenyewe pembeni, kwa sababu nitakuja kuyasoma.

Naona baba mmoja pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. Karibu, mzee wangu, uliza.